Usafi wa Sungura Mchanga: Twahara ya Mtu na Haki ya Mnyama

Sungura mchanga aliyechafuka sehemu ya nyuma yumo hatarini, hata kama bado anakula na kurukaruka. Mavi yanayoganda kwenye manyoya huunguza ngozi, huweza kuziba tundu la haja, na katika miezi ya mvua huwaita nzi. Kumsafisha ni kazi ya dakika chache, lakini kazi hiyo imebeba swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi: mnyama mdogo asiyeweza kusema anamdai nini mtu aliyemfungia bandani? Katika nyumba nyingi swali hilo humezwa na jingine, la unajisi: mtu akimgusa mnyama mwenye uchafu, hali yake mbele ya Mungu inakuwaje? Maswali haya mawili yanapaswa kutenganishwa. La unajisi linahusu hali ya mtu. La wajibu linahusu hali ya mnyama. Yakichanganywa, sungura huumia kwa njia mbili: ama huachwa na uchafu wake kwa sababu mtu anaogopa kunajisika, ama huoshwa kupita kiasi kwa sababu mtu anataka kumtwaharisha.

Dini nyingi, mtaa mmoja

Kata ya Chemchem, katika Manispaa ya Tabora, ni mahali panapofaa kulitazama suala hili, kwa kuwa watu wanaofuata sheria tofauti za usafi wanaishi humo ukuta kwa ukuta. Tabora ilikua kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wasafiri Burton na Speke walipofika Kaze, katika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, mwishoni mwa mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wenye makazi yao tayari. Pamoja na shehena za vitambaa na shanga, njia hiyo ilileta swala, udhu na fiqhi ya Kishafii ya pwani, na Uibadhi wa Waomani. Mapadri Weupe walipita njia hiyo hiyo kuanzia mwaka 1878. Mwaka 1898 Wamoravian walichukua misheni ya Urambo, magharibi ya Tabora, kutoka London Missionary Society. Baadaye walikuja pia Waadventista Wasabato.

Sungura mmoja katika ua wa namna hiyo hutazamwa kwa macho kadhaa. Kwa jirani Msunni nyama yake ni halali. Kwa Mshia Ithnaasheri na kwa Msabato hailiwi. Kwa Mkatoliki na Mmoravian hakuna katazo lolote. Mnyama mwenyewe ni yule yule, na mahitaji yake hayabadiliki kwa kubadilika kwa dini ya mwenye banda.

Uchafu unatoka wapi

Sungura hutoa mavi ya aina mbili. Ya kwanza ni vidonge vikavu vya mviringo, ambavyo havishiki kwenye manyoya. Ya pili ni laini, yanang'aa kwa ute, yameshikamana kama kichala kidogo, na yana harufu kali. Haya hutengenezwa katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo bakteria huchachua nyuzi za majani. Sungura huyapokea kwa mdomo moja kwa moja kutoka kwenye tundu la haja, kwa kawaida usiku au alfajiri, na kuyameza. Kwa njia hiyo hupata protini na vitamini ambazo safari ya kwanza ya chakula tumboni haikumpa. Daktari wa mifugo Mfaransa Charles Morot alieleza jambo hili mwaka 1882. Mtu asiyelijua huliona kuwa ni uchafu wa kuchukiza, kumbe ndilo linalomlisha mnyama. Sungura anayezuiwa kuyala mavi yake laini hudhoofu.

Kwa sababu hiyo, sungura mwenye afya hachafuki nyuma. Akichafuka, kuna jambo limeharibika, na mara nyingi limeharibikia kwenye chombo chake cha chakula. Pumba, mahindi, mkate na matunda matamu vikizidi, na nyasi kavu zikipungua, mavi laini hutoka mengi na kuwa mororo kuliko kawaida. Sungura hawezi au hataki kuyamaliza, naye huyakalia. Banda likiwa dogo mno, hawezi kujikunja akafikia sehemu yake ya nyuma. Unene, meno yaliyopinda na maumivu ya mgongo huleta matokeo hayo hayo.

Kwa sungura mchanga hatari ni kubwa zaidi. Huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba. Mama humnyonyesha mara moja au mbili kwa siku, kila mara kwa dakika chache tu, na humsafisha kwa kumlamba. Akifikisha wiki tatu hivi huanza kuonja majani. Akiachishwa kunyonya, kati ya wiki ya tano na ya nane, hupoteza maziwa na ulimi wa mama kwa wakati mmoja, ilhali bakteria wa tumbo lake bado hawajatulia. Huo ndio umri ambao wengi huuzwa au kupewa watoto. Ndio pia umri ambao koksidiosisi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo vinavyoenea kupitia mavi, huua sana.

Mfugaji lazima atofautishe hali mbili. Mavi laini yaliyoganda kwenye manyoya, huku vidonge vikavu vikiendelea kutoka, ni tatizo la lishe na la banda. Kuhara maji, hasa sungura akiwa amejikunja na hataki kula, ni ugonjwa wa dharura: sungura mchanga anaweza kufa ndani ya siku moja, na anapaswa kupelekwa kwa daktari au afisa wa mifugo bila kungoja. Hatari ya tatu ni nzi. Katika msimu wa mvua wa Tabora, takriban Novemba hadi Aprili, nzi wa kijani hutaga mayai kwenye manyoya yaliyolowa na kuchafuka. Mabuu yanaweza kutoka ndani ya siku moja na kuanza kula ngozi hai.

Sungura wa kufugwa, ambaye asili yake ni rasi ya Iberia huko Ulaya, si yule sungura wa porini anayeonekana katika miombo ya Unyamwezi. Akifunguliwa na kuachwa, hatadumu. Chakula chake, nafasi yake na hata uwezo wake wa kujisafisha vimo mikononi mwa mtu. Hapo ndipo msingi wa wajibu ulipo: uchafu unaomshika umetokana, kwa sehemu kubwa, na maamuzi ambayo si yake.

Najisi katika fiqhi

Madhehebu ya Kiislamu hayakubaliani kuhusu hukumu ya mavi ya mnyama anayeliwa. Wamaliki na Wahanbali huyahesabu kuwa twahara, na miongoni mwa hoja zao ni ruhusa ya Mtume ya kuswali katika mazizi ya kondoo. Mashafii, ambao ndio wengi Afrika ya Mashariki, huyahesabu kuwa najisi, ya mnyama anayeliwa na asiyeliwa sawasawa. Sungura yumo katika kundi la wanaoliwa: Anas bin Malik amesimulia kwamba sungura alikimbizwa huko Marr al-Dhahran, Abu Talha akamchinja, na sehemu ya nyama ikapelekwa kwa Mtume naye akaipokea. Washia Ithnaasheri hawali sungura, na kwao mavi yake ni najisi.

Hata hivyo, hukumu ya Kishafii yenye uzito haina ugumu ambao watu wengi huudhania. Najisi ya sungura ni ya daraja la kati. Haina masharti ya kuosha mara saba kama ya mbwa na nguruwe. Panapoguswa huoshwa kwa maji hadi uchafu uondoke pamoja na rangi na harufu yake. Kugusa najisi hakuvunji udhu; aliyekuwa na udhu huosha mkono au nguo iliyochafuka na kubaki na udhu wake. Kuigusa kwa haja ya kuisafisha kunaruhusiwa, kama mtu anavyojisafisha mwenyewe chooni. Vidonge vikavu vikigusana na mkono mkavu havihamishi najisi.

Wanazuoni wa Kishafii waliijadili hata hali inayofanana sana na hii: mnyama mwenye uchafu kwenye tundu la haja akitumbukia katika maji machache. Jibu lililopewa nguvu ni kwamba maji hayo husamehewa, kwa kuwa ni vigumu kuwakinga wanyama na hali hiyo. Kwa hiyo sheria yenyewe ilikwisha kumtambua mnyama kuwa kiumbe anayechafuka kwa maumbile yake, ikampunguzia uzito mtu anayeishi naye.

Kutokana na hayo jambo moja liko wazi. Mnyama haswali na hana twahara ya kutafuta. Anayedaiwa kutwaharika ni mtu, katika mkono wake, nguo yake na mahali pake pa kuswalia. Sungura anachohitaji ni ngozi kavu isiyo na kidonda. Kitambaa chenye unyevu kinamtosha, hata kama kisingetosha kutwaharisha kanzu.

Unajisi katika Biblia

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, vinamtaja sungura pamoja na wibari miongoni mwa wanyama wasioliwa, kwa hoja kwamba anacheua lakini hana kwato zilizopasuka. Sungura hana matumbo manne ya mbuzi au ng'ombe. Wafasiri kadhaa wamehusisha maneno hayo na tabia yake ya kukipitisha chakula kinywani mara ya pili, ile ile iliyoelezwa na Morot. Kama ufafanuzi huo ni sahihi, basi kile kinachowafanya watu wamwone sungura kuwa mchafu kilihesabiwa na waandishi wa zamani kuwa aina ya kucheua, yaani ulaji wenye utaratibu.

Wakristo wengi husoma sheria hizo kwa mwanga wa njozi ya Petro katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, na hawajifungi nazo. Waadventista Wasabato huendelea kuzishika katika chakula. Lakini katazo la Walawi ni la kula nyama na kugusa mzoga. Mnyama hai hakukatazwa kuguswa. Punda naye hakuwa wa kuliwa, na Waisraeli walimpanda na kumtwika mizigo. Tena Torati hiyo hiyo inamwamuru mtu kumwinua punda aliyeanguka chini ya mzigo, hata akiwa wa adui yake. Amri hii ina uzito mkubwa hapa. Mnyama asiyeliwa ametajwa katika Torati moja kuwa si safi kwa chakula, na pia kuwa anastahili kusaidiwa kwa mkono wa mtu. Unajisi wake haukumwondolea haki ya kuhurumiwa.

Swali la Sabato nalo lina jibu la karibu. Injili zinasimulia Yesu akiwakumbusha wasikilizaji wake kwamba kondoo au ng'ombe aliyetumbukia shimoni huopolewa hata siku ya Sabato. Kwa mfugaji Msabato, sungura mwenye uchafu unaovutia nzi Jumamosi asubuhi ni jambo la kundi hilo: mabuu hayangoji jua lichwe.

Deni la aliyefunga mlango

Baada ya suala la unajisi kuwekwa mahali pake, linabaki la wajibu. Hadithi mashuhuri inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lililotajwa limeundwa na mambo mawili yaliyounganishwa, kufunga na kutelekeza. Kufuga kwenyewe hakukulaumiwa. Kilicholaumiwa ni kumnyima mnyama uwezo wa kujihudumia bila kushika nafasi ya uwezo huo. Sungura wa bandani anaingia moja kwa moja katika hoja hiyo, na usafi unaingia pamoja na chakula, kwa kuwa vyote viwili ni mambo ambayo mnyama aliye huru hujifanyia.

Izzuddin bin Abdissalam, mwanazuoni wa Kishafii aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam. Miongoni mwake ni kumlisha mnyama hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena, kutomtwisha asichokiweza, kumtenga na kinachomdhuru, na kupatengeneza vizuri mahali pake pa kulala na pa kunywea. Haki hizi hazikujengwa juu ya faida ya mwenye mnyama. Asiye na faida naye anazo. Katika upande wa Biblia, Mithali 12:10 inaifanya hali ya mnyama kuwa kipimo cha uadilifu wa mwenye mnyama.

Wanafalsafa wa Ulaya walilifikia suala hili kwa njia mbili. Immanuel Kant alifundisha kwamba mtu anayemtendea mnyama ukatili huufanya moyo wake kuwa mgumu, na ugumu huo hatimaye huwafikia watu. Wajibu kwa mnyama, kwake, ni wajibu kwa ubinadamu unaopitia kwa mnyama. Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, aliweka kipimo kingine: jambo la kuuliza ni kama kiumbe kinaweza kuumia, na uwezo wa kufikiri au kusema hauamui. Mafundisho ya Kant yana faida katika malezi, kwa kuwa mtoto anayemhudumia sungura hujifunza huruma. Lakini hayatoshi. Kama lengo lingekuwa moyo wa mtu peke yake, huruma ya kutazama kwa mbali ingetosha, na sungura angebaki na kidonda chake. Kipimo cha Bentham kinamlazimisha mtu kumwinua mnyama na kumtazama. Ndicho kinachokaribiana zaidi na hadithi ya paka, ambamo njaa ya paka mwenyewe ndiyo iliyohesabiwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia.

Kuna jambo linaloufanya wajibu huu kuwa mzito zaidi kwa sungura kuliko kwa mbuzi au mbwa. Sungura ni windo, na windo linaloonyesha udhaifu huchaguliwa na adui. Kwa hiyo huficha maumivu. Hulia mara chache sana. Akiumwa hutulia tu. Mfugaji anayesubiri kusikia lalamiko hatalisikia. Haki ya asiyelalamika hutimizwa kwa kumchunguza: kila siku asubuhi, na katika miezi ya nzi asubuhi na jioni.

Hisani isiyodhuru

Kanuni ya fiqhi inayokataza madhara inahusu pia msaada unaotolewa vibaya. Sungura mchanga hapaswi kutumbukizwa katika beseni. Manyoya yake hukauka polepole, mwili wake hupoteza joto upesi, na hofu peke yake inaweza kumwangusha. Akirusha miguu ya nyuma huku hajashikwa vizuri, anaweza kujivunja uti wa mgongo. Anashikwa kwa mkono mmoja chini ya kifua na wa pili chini ya makalio, kisha anawekwa juu ya taulo mapajani mwa mtu aliyeketi chini, asije akaanguka kutoka juu.

Kitambaa laini au pamba iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu huwekwa juu ya uchafu uliokauka hadi ulainike, halafu uchafu huondolewa kidogo kidogo kufuata mwelekeo wa manyoya. Hauvutwi ukiwa mkavu, kwa kuwa ngozi ya sungura ni nyembamba na huchanika. Mkasi nao ni hatari kwa sababu hiyo hiyo. Sabuni ya kufulia na dawa za kuua vijidudu hazitumiki, atazilamba. Kisha hukaushwa kabisa na kurudishwa mahali pakavu pasipo upepo. Ngozi ikiwa nyekundu au ikionekana mabuu, kazi hiyo imevuka uwezo wa nyumbani na ni ya daktari wa mifugo.

Usafi wa juu ukifanywa bila kurekebisha chanzo, uchafu hurudi kesho. Nyasi kavu zinapaswa kuwa chakula kikuu, na maji safi yawepo wakati wote. Matembele na majani mengine mabichi hutolewa kwa kiasi, yakiwa yameanikwa yakanyauka, yasiwe yametoka kulowa mvua. Pumba na mahindi hupunguzwa. Banda liwe na nafasi ya kujinyoosha na kujigeuza, na sakafu iondolewe mavi na mkojo kila siku. Dawa za binadamu zisitumike kwa kubahatisha: dawa za jamii ya penisilini, kama amoksilini, zikimezwa na sungura huua bakteria anaowategemea na zinaweza kumuua mwenyewe. Baada ya kazi mtu huosha mikono kwa sabuni na maji. Kwa Mshafii maji hayo humrudishia pia twahara.

Nani anawajibika

Mara nyingi sungura hununuliwa kwa ajili ya mtoto, na mtoto ndiye anayelaumiwa banda linaponuka. Sheria za dini haziungi mkono lawama hiyo. Katika fiqhi mtoto asiyebaleghe hajabebeshwa wajibu wa kisheria. Katika mafundisho ya Kanisa pia, uzito wa kosa hupimwa kwa ufahamu na hiari ya mtendaji. Hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas, aliyekuwa na ndege wa kuchezea, huchukuliwa na wanazuoni kuwa ushahidi kwamba mtoto anaweza kuwa na mnyama mdogo, kwa sharti kwamba mnyama hateswi. Sharti hilo halimwangukii mtoto. Linamwangukia mtu mzima aliyeruhusu. Mtoto anaweza kukata nyasi, kubadilisha maji na kushika taulo. Kuchunguza sehemu ya nyuma ya sungura, kuamua kama anahara, na kumpeleka kwa daktari ni kazi ya mzazi.

Wajibu huo haupungui kwa sungura anayefugwa ili achinjwe. Anayekubali kwamba nyama ni halali kwake amekubali pia masharti ya uhalali huo, na kumtendea mnyama wema hadi mwisho ni mojawapo. Wiki chache anazoishi bandani ni maisha yake yote, na zinadaiwa uangalizi ule ule anaopewa sungura anayefugwa kwa kupendwa tu. Wala asiyekula nyama yake hasamehewi deni hili ikiwa amemfungia banda. Wa Chemchem wanaweza kuendelea kutofautiana kuhusu najisi na kuhusu nyama, kila mmoja kwa dalili zake. Kuhusu sungura mchanga aliyechafuka, dalili zao zote zinaelekeza kwenye kitendo kimoja: ashikwe, asafishwe, akaushwe, na chakula chake kirekebishwe siku hiyo hiyo.